Kivuli cha Wachezaji wa Akiba

Wiki jana nilikuwa matangani kule Chakol, karibu na mpaka wa Uganda, na jua lilikuwa la kuchoma utosi. Hema zote zilijaa wageni wa heshima. Sisi wanawake wazee tukawekwa chini ya kivuli cha kukunja cha timu ya mpira, kile cha vyuma na turubai ambacho wachezaji wa akiba hukaa ndani wakingoja kuingia uwanjani. Wenye msiba walikuwa wamekiazima.

Kabla mahubiri hayajaisha, kocha akafika na bodaboda, akasimama mbele yetu kofia mkononi.

"Poleni sana, akina mama. Lakini naomba kivuli changu. Timu ya Uganda imeshavuka, na vijana wangu wa akiba wanachomeka."

Mkubwa wetu, ambaye hana jino hata moja, hakuinuka. Alimpima kocha kutoka viatu mpaka kichwa.

"Boss, hao vijana wanangoja nini?"

"Wanangoja kuitwa, mama."

"Sisi pia tunangoja kuitwa, na tumekaa benchi kuwashinda."

Tulicheka mpaka mhubiri akanyamaza. Kocha alivaa kofia yake akaondoka mikono mitupu, na nasikia vijana walikaa wamejifunika taulo wakingoja zamu.

Kicheko kilipoisha nikaangalia ule mstari wetu. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho, upande wa kaburi, kama yule mchezaji wa akiba anayeingia kwanza. Nikamwambia jirani yangu kwamba pale kwangu kuna upepo mzuri. Alinishukuru sana, tukabadilishana viti.