Siku Niliyowekwa Kulinda Maji

Mwezi uliopita nilikwenda Lamu kwa shughuli ya siku moja. Nilipanda basi Malindi alfajiri, na mapema mchana nilikuwa nimekwisha kuvuka kutoka Mokowe kwa boti la kasi, nimevishwa jaketi la kuokolea, sijalowa hata pindo la buibui. Pale gatini mwenye boti mmoja akaniita, "Shangazi, Pate? Twaondoka sasa hivi." Nikajibu siendi, tena kwa ukali, hata akanishangaa.

Wewe uliyekulia pwani hii unajua jinsi sisi wa mkono mtupu tulivyosafiri. Bibi yangu, aliyenilea Muyeye, hapo Malindi, alikuwa mtu wa kisiwa cha Pate, na shule zikifungwa tulikwenda kwao. Nauli yangu ya basi haikulipwa hata siku moja. Nilikuwa na miaka tisa na miguu mirefu kama ya korongo, lakini bibi alinipakata akaninong'oneza, "Kunja magoti, uonekane mdogo." Tulikula vya kwetu: mkate wa kumimina uliofungwa kwenye kitambaa, samaki wa kukaanga, chai ya tangawizi kwenye chupa. Hoteli za njiani tulizijua kwa harufu tu. Lamu tulilala kwa mkwe wa jirani yetu, watu tusio na udugu nao, ila mazoea. Usiku mmoja, basi. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," bibi alipenda kusema, naye hakutaka hata hiyo ya pili ifike.

Boti la abiria la kwenda Pate halikuwa na saa. Njiani kuna mlango mwembamba katikati ya mikoko, na maji yakiwa machache chombo hukwama kwenye matope. Kwa hiyo watu waliondoka maji yakijaa. Gati lilikuwa na vipandio vya mawe vilivyoota ukoga, na bibi alikuwa na kipimo chake: maji yakifika kipandio cha tatu kutoka juu, nahodha haongezi hata dakika.

Safari ninayokusimulia haikuwa ya likizo. Utingo wa basi la Lamu alikuja Muyeye na ujumbe kwamba dada yake bibi hajiwezi. Wawili hao walikuwa hawasemezani tangu kugawana nyumba ya mama yao, na mimi nilikuwa sijazaliwa. Bibi alifunga furushi huku akilia. "Nataka nimkute ana kauli," alisema. "Nimwombe radhi, naye aniombe. Akizikwa na kinyongo changu, nitajibu nini mbele ya Mola?"

Tulilala Lamu kama kawaida. Siku ya pili adhuhuri ilipoingia, bibi aliomba nafasi ya kuswali katika nyumba moja karibu na gati. Akaniketisha juu ya furushi. "Linda maji. Yakifika cha tatu, njoo mbio uniite."

Sasa sikiliza, maana sijapata kumwambia mtu. Binti wa mwenyeji wetu alikuwa ameniahidi kwamba nikibaki, jioni atanipeleka arusini, nile pilau na nitiwe hina. Pate kulikuwa na mgonjwa, na nyumba ya mgonjwa watoto hatucheki wala hatuchezi. Maji yalipanda taratibu, yakiwa na maganda ya machungwa na majani makavu. Niliyaona yakifika kipandio cha tatu. Niliyaona vizuri kabisa. Abiria wakaingia chomboni, mwanamke mmoja akaniuliza nangoja nani, nikamwambia bibi yangu yuaja. Kisha kamba ikafunguliwa.

Bibi alitoka peke yake, viatu mkononi, akakuta gati tupu. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu akamwambia, "Bi mkubwa, maji hayamngoji mtu. Ni kesho tena."

Akanigeukia. "Hukuona?"

"Yalikuja ghafla, bibi."

Akaniamini. Alinifuta jasho kwa ncha ya kanga akasema, "Si kosa lako, mwanangu. Nimekutwika mzigo wa watu wazima." Jioni nilikwenda arusini, nikala, nikatiwa hina mikono yote miwili hadi kwenye vifundo.

Kesho yake tulishuka Mtangawanda, bandari ya Pate, na bibi, ambaye siku zote alitembea akinisubiri, alinitangulia njia nzima ya kwenda mjini. Barazani pa nyumba ya dada yake wanaume walikuwa wameketi. Walikuwa wametoka makaburini. Binti wa marehemu alimwangukia bibi kifuani. "Mama mdogo, jana alasiri alikuwa akiuliza kama boti limefika. Tukamwambia limefika, ila wewe humo." Ndani wanawake wa matanga walikuwa wakiitazama mikono yangu iliyoiva wekundu. Mmoja akavua mtandio wake akanifunika mikono, na bibi akaona, lakini hakusema neno, siku ile wala siku nyingine.

Yale yote yameondoka. Mgonjwa wa Pate sasa anaonekana kwenye simu mtu akiwa jikoni kwake Malindi, na radhi zinaombwa kwa ujumbe mmoja unaotumwa kwa watu mia. Sisi tulikuwa na bibi aliyekaa mkekani asubuhi ya Idi, akatushika mikono wajukuu mmoja baada ya mwingine, akatuomba radhi, nasi tukamwomba. Kila mwaka nilijiambia, leo namwambia. "Nimekuwia radhi, mjukuu wangu," alikuwa akisema, "kwa ninayoyajua na nisiyoyajua." Nami nilimbusu mkono nikaenda kula mahamri.

Alifariki mwaka juzi, hapo hapo Muyeye, mimi nikiwa nimemshika kichwa. Kauli yake ilikuwa timamu hadi mwisho. Aliniuliza kama nina neno nataka kumwambia. Nikasema sina.