Kitambaa Kilichokataa Kulala

Kule Kiwalani tulikokulia, jirani na uwanja wa ndege wa Dar, ndege ikikaribia kutua yalianza kutetemeka mabati, vikafuata vikombe kabatini, kisha mngurumo ukaingia ndani na mazungumzo yote yakakatika. Aliyekuwa akisimulia alibaki mdomo wazi, aliyekuwa akigombeza alibaki na kidole hewani, na ndege ikishapita kila mtu aliendelea palepale alipoachia. Mama yangu alikuwa bingwa wa jambo hilo. Aliweza kukatizwa katikati ya neno, akalimalizia bila kupunguza hata chembe ya hasira. Mimi sikujaliwa kipaji hicho, na ndiyo maana likizo ile ya darasa la tano ilinitoa jasho.

Ilikuwa likizo ya posa ya dada yangu, Neema. Wazee wa upande wa mchumba wake, watu wa Masasi, walikuwa wanakuja kujitambulisha, na mama aliapa kwamba hawatakuta kitu uchi nyumbani kwake. Alitoka Iringa na kroshia yake, ile sindano fupi yenye ncha ya ndoano, na tangu afike Dar alikuwa anavifumia vitu nguo. Redio ilivaa. Televisheni ilivaa. Jagi la maji lilikuwa na kofia yenye shanga, na mtungi wa gesi ulipendeza kuliko mimi. Makochi ndiyo yalikuwa fahari yake, kila mkono na kila mgongo una kitambaa cheupe kilichopigwa wanga. Nami nilitaka kimoja tu kiwe changu. Nilimwomba, akanitazama, akasema, "Fuma. Kikilala vizuri mezani, nitakiweka mwenyewe kwenye kochi kubwa, wageni wakione." Sikuwahi kutaka kitu kama nilivyotaka hicho.

Kufuma kitambaa cha duara ni raha sana mwanzoni. Uzi unapita kidoleni, ndoano inavuta kitanzi ndani ya kitanzi, na kitu ambacho hakikuwepo kinaota mapajani mwako. Unajiona fundi. Shida ni kwamba kila mzunguko lazima uongeze vitanzi kwa hesabu, la sivyo kitambaa kinajivuta na kusimama kingo. Nami kila nikianza kuhesabu, ndege. Nikitulia na kurudia, nyingine. Nilikuwa nakisia nilipofikia, nikiruka kuongeza bila kujua, kisha nampelekea mama bakuli badala ya kitambaa. Alikiweka mezani, kikasimama. Alikibonyeza, kikasimama tena. Alisema neno moja tu: "Fumua." Hakuna neno chungu kama hilo kwa mtu anayefuma. Unavuta ncha ya uzi, na kazi ya siku nzima inateremka mbio, tena kwa ulaini unaoudhi, kana kwamba ilikuwa inangoja ruhusa. Nilifumua nikilia, nikafuma nikinuna, na Neema akawa ananipita akisema, "Eva, bado tu? Mie ntazaa hujamaliza."

Asubuhi ya wageni, bakuli langu la mwisho lilikuwa bado bakuli. Nililipiga wanga, nikalipiga pasi ya mkaa, nikalitandika kwenye mkono wa kochi kubwa, na lilipoanza kujiinua nikaliwekea juu Biblia ya baba, ile nene. Likatulia kabisa. Mama alikuwa jikoni na pilau, na mimi nilikaa kwenye mkeka nikisubiri aje akione kitambaa changu.

Wageni waliingia, shikamoo zikaitikiwa, na mshenga wao, Mzee Chilumba, akaketi pale pale kwenye kochi kubwa. Alikuwa na kichwa kisicho na unywele hata mmoja, na feni yetu ilikuwa inampuliza moja kwa moja. Baba akamwomba afungue kwa sala. Mzee akatazama kushoto, akaona Biblia, akainyanyua. Wote waliinamisha vichwa isipokuwa mimi. Niliona kitambaa changu kikijinyoosha taratibu, upande huu, kisha upande ule, hadi kikawa wima. "Amina," wakasema. Mzee akafumbua macho, akakuta kofia nyeupe mkononi mwa kochi.

Aliigusa. Akaitazama feni. Akaivaa, ikamkaa barabara.

"Jamani," akasema, "nimeshakuwa mshenga mara nyingi. Hakuna nyumba iliyowahi kunifikiria kichwa."

Mama akatokea na sinia la soda, akasimama mlangoni. Alikitazama kichwa cha mzee, akaitazama Biblia, kisha akanitazama mimi, nami nikajua leo nitafumuliwa mwenyewe. "Kafuma nani hii, Mama Neema?" mzee akauliza.

"Mdogo wake bibi harusi, baba," mama akajibu. Ndege ikapita wakati huohuo, nikaona mabega yake yakitikisika, soda zikigongana, na sikusikia hata kidogo anavyocheka.

Neema aliolewa, na Mzee Chilumba alikwenda na kofia ile harusini, ubatizoni na kila palipokuwa na watu. Mimi sasa naishi Kawe, ofisini kutwa, na jioni nafuma ili nipumzishe akili. Siku hizi kufuma kumekuwa mtindo. Mabinti wanajifunzia kwenye simu, wanafuma mabegi na nguo za ufukweni, na makochi yao yako uchi. Juzi mzee alituma salamu kwamba kofia imechakaa, Eva amfumie nyingine, ya namna ileile. Nilifuma kwa moyo wote. Kawe kumetulia, hakuna kinachonikatiza, nikahesabu na kuongeza kila mzunguko kama nilivyofundishwa, na nilipomaliza nikaiweka mezani. Ikalala chapati.

Mama, anayekaa nami sasa, akaichukua, akaigeuza, nami nikalisubiri lile neno. Hakulisema. Aliinuka na magoti yake mabovu, akaitandika kwenye kochi kubwa, akaipapasa kwa kiganja hadi pembeni. "Kimelala," akasema.

Nilifurahi hadi nikaona haya, mtu mzima na watoto wangu. Jana Mzee Chilumba alipiga simu kuulizia kofia. Nimemwomba avumilie kidogo, nitafute mtu wa kunipa chumba Kiwalani.