Koplo Miguu na Madaftari Thelathini na Moja

Kosa alilotendewa mzee huyu liliandikwa kwa kalamu nyekundu, pembezoni mwa ukurasa wa nne wa faili la halmashauri, na mtu ambaye hakuwahi kukanyaga matope ya mahali alipokuwa akipaamulia: "Mtoa maoni ni askari mstaafu mwenye maruerue ya vita. Maelezo yake yasizingatiwe." Kwa sentensi hizo mbili, kazi ya asubuhi na alasiri za miaka thelathini na moja ilipanguswa kama vumbi juu ya meza.

Mahali penyewe ni kinamasi kilicho nyuma ya karakana ya reli, chenye matete yanayomzidi mtu kimo. Halmashauri ilitaka kukifukia kwa kifusi ili ijenge maghala, na sheria iliitaka kwanza isikilize wakazi. Mkazi aliyejitokeza alikuwa mmoja tu: mzee wa miaka themanini na mmoja, suruali imenyoshwa kwa pasi hadi mkunjo wake ukasimama kama wembe, daftari kwapani. Ofisa Mipango alilifungua katikati, akasoma kwa sauti ili wenzake nao wafaidi.

"'Koplo Miguu amerejea saa kumi na dakika ishirini alasiri, akiwa na watu mia moja na arobaini. Wote hai.' Mzee wangu, hii ni ya lini?"

"Mwaka juzi. Tarehe iko hapo juu."

"Na huyu Koplo ni nani?"

"Ni wa kikosi changu."

"Kikosi chako bado kipo?"

"Waliorudi wapo."

Maofisa wakatazamana, mmoja akakohoa ili kuficha kicheko. Mzee alikiona kicheko kile, lakini hakuongeza neno. Ujanani alikuwa askari wa doria, kazi yake ikiwa kulala kifudifudi kilimani na kuandika kila kilichotembea, na huko alifundishwa kwamba lugha ya daftari la doria haifafanuliwi mbele ya mtu usiyemjua. Aliishika amri hiyo hata mbele ya watu ambao neno moja tu lingewatoa gizani. Alisimama wima, akaaga, akaondoka.

Barua ya kumkataa ilifika baada ya mwezi mmoja. Karani, kwa uzembe, alikuwa ameambatisha nakala ya ukurasa ule wenye wino mwekundu. Mzee aliisoma, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya daftari, akatoka kwenda kupima kina cha maji. Wiki tano baadaye alifariki kitandani mwake, viatu vikiwa vimepangwa chini, kisigino kwa kisigino.

Aliyekuja kukipanga chumba chake ni mjukuu wake wa kwanza, mfamasia katika hospitali ya mji wa jirani, mwanamke aliyezoea kusoma miandiko ya madaktari ambayo wenyewe waliiandika wakashindwa kuisoma. Chumba kilikuwa na kitanda cha chuma, shuka lililovutwa hadi likakaza kama ngozi ya ngoma, msumari mmoja wenye koti, na sanduku la bati. Ndani ya sanduku mlikuwa na madaftari thelathini na moja, moja kwa kila mwaka, kuanzia Oktoba hadi Oktoba, tangu 1987, kila ukurasa umepigwa mistari kwa rula: saa, upepo, kina cha maji, waliofika, walioondoka, maelezo. Hakuna siku iliyorukwa. Siku ya harusi ya mama yake mfamasia ilikuwemo. Siku mzee alipofanyiwa upasuaji wa ngiri ilikuwemo pia, mwandiko umelegea, na chini yake: "Zamu imeshikwa na Mama Watoto. Amehesabu vizuri."

Mfamasia aliketi sakafuni akasoma mpaka miguu ikafa ganzi. Alikumbuka jinsi babu alivyompeleka kule alipokuwa na miaka saba, akamketisha juu ya gunia na kumnong'oneza, "Hesabu pumzi zako mpaka wasahau kwamba upo." Alipofika pumzi ya mia mbili na kitu, kereng'ende wa buluu alitua kwenye goti lake, akatembea hadi kwenye pindo la gauni. Babu hakumtazama kereng'ende. Alimtazama mjukuu, uso wake uking'aa kama wa mtu aliyeonyesha nyumba yake na mgeni akaipenda.

Lakini kadiri alivyosoma, ndivyo hofu ilivyomkaba. "Sajenti Kimya peke yake. Anavua." "Fundi Cherehani na wake zake, kazi inaendelea." "Mpiga Simu hakunyamaza tangu mvua ilipoanza." Hao walikuwa watu wa vita, na vita vile vilikwisha kabla mama yake hajazaliwa. Je, yule ofisa mwenye kalamu nyekundu, ambaye nakala ya maneno yake aliikuta imekunjwa ndani ya daftari la mwisho, alikuwa sahihi? Kamati ya halmashauri ingepiga kura tarehe tano Novemba, na leo ilikuwa katikati ya Oktoba. Kama babu alikuwa akiona wafu, kinamasi kingefukiwa, na jina lake lingezikwa mara ya pili na watu wasiomjua.

Alilichukua daftari hadi jikoni, alikokuwa bibi yake akichambua mchele kwenye sinia.

"Bibi, nikuulize jambo, usikasirike."

"Uliza, mke mwenzangu. Nikikasirika utaniona."

"Babu alikuwa anaona watu ambao hawapo?"

Bibi alitupa punje ya jiwe dirishani. "Watu gani?"

"Koplo Miguu."

Bibi akaanza kucheka, kwanza taratibu, kisha kicheko kikampanda hadi akaiweka sinia chini. "Koplo Miguu! Ee Mungu wangu. Huyo si mtu, mwanangu. Ni korongo. Yule mweupe mwenye mbawa nyeusi, anayekuja na wenzake wengi kutoka mbali."

"Na Sajenti Kimya?"

"Mdiria. Anakaa juu ya tete kama aliyekufa, ukipepesa jicho ameshapata samaki. Fundi Cherehani ni kwera, wale wanaofuma viota. Mpiga Simu ni vyura. Mpishi ni bata maji, kwa jinsi anavyotikisa makalio."

Mfamasia alihisi damu ikirudi usoni. "Bibi! Miaka yote hii! Kwa nini hukusema?"

"Nani aliniuliza? Mlipokuwa mkija, mliniuliza kama amekunywa dawa, mkaniuliza kama amelala. Hakuna aliyeniuliza anaandika nini."

Kisha kicheko kilimwisha. Alimweleza kwa sauti ya kawaida, mikono ikiendelea kuchambua. Walikuwa askari wanane, mmoja wao koplo mwenye miguu mirefu, katika kituo kimoja cha uangalizi, juu ya bwawa lenye matete, kwa miezi kumi na mmoja. Siku moja babu ndiye aliyetumwa kupeleka taarifa kwa miguu, mwendo wa siku mbili. Aliporudi, hakukuta hata mmoja wa kumpokea. Alirejea nyumbani akaajiriwa karakana ya reli, akaoa, akazaa, akawa mtu mwema asiyezungumza. Mwaka aliostaafu alipita nyuma ya karakana, akamwona ndege mrefu amesimama majini, mguu mmoja juu.

"Alikuja mbio nikadhani nyumba inaungua. 'Mama Watoto, nimemwona Koplo!' Nikamwambia, basi mkaribishe chai. Akanitazama, akacheka. Mwanangu, nilikuwa na miaka ishirini na nane ndani ya ndoa, na sikuwahi kumsikia akicheka namna ile."

"Kwa hiyo alijua kwamba ni ndege."

"Babu yako aliona manyoya kama unavyoyaona wewe. Umesikia wapi kichaa anayepima maji kwa rula? Alisema hivi: 'Wale sikuwahesabu wakirudi. Hawa nitawahesabu.' Basi."

Mfamasia alilitia daftari kwapani. Alirudi chumbani, akayapanga madaftari yote sakafuni kwa miaka, akaanza upya, safari hii akiwa na ufunguo. Maandishi yaleyale yaliyomtisha yalifunguka mbele yake. Aliona kwera wakichelewa kufuma miaka ya ukame na kuwahi miaka ya mvua. Aliona vyura wakinyamaza wiki tatu mwaka 1999, na pembeni maneno, "Mafuta kutoka karakana. Nimemwambia fundi mkuu. Mfereji umezibwa." Aliona maji yakipanda na kushuka kwa upana wa vidole, siku elfu kumi na moja na zaidi, yameandikwa na mtu ambaye hakutarajia kusomwa. Katika chuo kikuu alichosomea yeye, watu walipewa shahada kwa kuchunguza kitu kwa miezi minne. Alihisi anachungulia ndani ya kitu kikubwa kuliko familia yake, na akajikuta anageuza kurasa kwa ncha za vidole.

Ndipo alipoiona safu ya Koplo Miguu. Kwa miaka thelathini na moja, korongo walikuwa wametua kati ya tarehe ishirini na tano na thelathini na moja Oktoba, daima alasiri, daima baada ya upepo wa kaskazini kuvuma siku mbili mfululizo. Hata mara moja hawakuvunja desturi hiyo.

Alipiga moyo konde. Kesho yake alikwenda halmashauri na madaftari matano, akamkuta Ofisa Mipango pamoja na mpima ardhi aliyechora ramani ya maghala.

"Dada, pole na msiba," ofisa alisema. "Lakini suala hili tulishalifunga."

"Mlilifunga bila kulisoma, mheshimiwa. Nimeleta tafsiri." Akamwekea mezani karatasi mbili zilizopigwa chapa. "Mtakuja kinamasini alasiri saba, kuanzia tarehe ishirini na tano. Upepo ukivuma siku mbili kutoka kaskazini, korongo watatua mbele ya macho yenu. Wasipotua, nitatia saini mimi mwenyewe kwamba babu yangu alikuwa na wazimu."

Mpima alikuwa ameinamia daftari la 2004. "Kaka," alimwambia ofisa, bila kuinua uso, "huyu mzee amepima kina cha maji kila siku. Mimi nilipima mara moja tu, wakati wa kiangazi."

Tarehe ishirini na tano walikuja watu wanane, wajumbe wa kamati wakiwa na miavuli na viatu visivyofaa. Ishirini na sita walikuja watano. Upepo ulikuwa wa kusini, mzito, na matete yaliinama upande usiotakiwa. Ishirini na saba hapakuwa na upepo kabisa. Ishirini na nane ofisa alifika na kiti cha kukunja na gazeti.

"Dada mfamasia, Koplo wako ametoroka jeshi?"

"Upepo umegeuka leo asubuhi. Daftari linasema siku mbili. Hii ni ya kwanza. Hesabu na wewe."

"Na kesho utasema siku tatu."

"Kesho sitasema kitu."

Usiku ule hakufumba jicho. Ilikuwa rahisi kuweka rehani heshima ya marehemu mezani mwa watu. Sasa aliona jinsi ilivyo nzito. Ndege hawasomi barua. Lolote lingeweza kuwapata njiani.

Tarehe ishirini na tisa walikuwepo sita, pamoja na bibi, aliyekuja na stuli yake na koti la marehemu mabegani. Ilipita saa tisa, ikapita saa kumi. Mjumbe mmoja aliaga. Mfamasia alikuwa akihesabu pumzi zake, amefika mia tatu, aliposikia bibi akisema polepole, "Inueni macho."

Juu sana, mahali ambapo jicho hukataa kwanza, palikuwa na vijichembe vikizunguka kama majani ya chai kikombeni. Havikupiga mbawa. Vilizunguka, vikashuka kidogo, vikazunguka, na kila mzunguko ukavifanya vikubwa zaidi, mpaka weupe ukatengana na weusi, mpaka miguu mirefu myekundu ikaonekana imenyoshwa nyuma. Kisha anga yote juu ya karakana ikajaa. Hawakutoa sauti. Walipita juu ya vichwa vya watu kwa ukaribu uliowapulizia upepo usoni, wakanyosha miguu na kutua ndani ya matete, kumi, arobaini, mia, na wengine bado wanashuka. Walipokwisha kutua wote, wakarusha vichwa nyuma na kugonganisha midomo, mlio kama wa taipureta mia zinazopigwa kwa pamoja.

Gazeti la ofisa lilikuwa limeangukia matopeni, naye alikuwa amelikanyaga bila habari. Yule mjumbe aliyeaga alikuwa amesimama njiani, mdomo wazi, mwavuli umefunguka mkononi pasipo mvua.

"Wangapi?" ofisa aliuliza hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyeingia mahali pa ibada.

Mfamasia alilifungua daftari la mwisho la babu. Mpima ndiye aliyechukua kalamu. Alitazama saa yake, akatazama upande yalikolalia matete, akavua viatu, akakunja suruali, akaingia majini kusoma alama kwenye kijiti kilichochomekwa na mzee. Aliporudi aliandika katika ukurasa uliokuwa mtupu tangu Septemba: saa, upepo, kina. Kwenye safu ya waliofika alisita, kalamu hewani.

"Mama, niandike korongo?"

"Andika vyovyote upendavyo," bibi alisema. "Lakini wahesabu wote."

Walihesabu mara tatu, bibi, mpima na ofisa, kila mmoja kimoyomoyo, na mara ya tatu wakapatana: mia mbili na kumi na saba.

Jumatatu, tarehe 5 Novemba 2018, kamati ilipiga kura kumi na moja kwa nne kukiondoa kinamasi hicho katika ramani ya ujenzi. Barua ya kumwomba radhi marehemu bado haijaandikwa.