Utawala wa Kiranja wa Maji

Juzi nikitokea Katoro nilipita Masumbwe, nikamwomba dereva anisubiri nikaichungulie shule yangu ya msingi. Pampu ya mkono imeng'olewa. Limebaki duara la saruji, mbuzi wamelala juu yake. Nikacheka peke yangu, maana hapo ndipo tulipotawaliwa.

Ulikuwa mwaka wa ukame. Kila asubuhi vyuma vya pampu vililia kuliko kengele, nasi tuligombania zamu mpaka tukararuana mashati. Mwalimu wa zamu akachoka, akasema tuchague kiranja wa maji. Akashinda binti wa mwenye mashine ya kusaga, msichana mrefu mwenye sauti ya mnadani. Kusema kweli, alifaa. Foleni ilinyooka, na hata wale wadogo wa darasa la kwanza walirudi na ndoo zimejaa.

Kisha akasimama mstarini akaomba achague wasaidizi wake mwenyewe, "mpaka mvua inyeshe tu." Tukanyoosha mikono. Akaomba wagomvi wasipige kura. Nani anapenda wagomvi? Tukanyoosha. Akaomba yeye ndiye aamue mgomvi ni nani. Tukanyoosha tena, huku tunatafuna michembe, viazi vikavu vya nyumbani. Kuanzia hapo, aliyeuliza swali alikuwa mgomvi. Mwisho wapiga kura wakabaki wasaidizi watupu, nao ndio waliochota kwanza. Tulipomlilia mwalimu, akasema, "Utaratibu umefuatwa. Si mlimpa wenyewe?"

Mvua ikaja, ile ya kugonga bati mpaka mwalimu anaacha kufundisha. Tukatoka mbio uwanjani tukishangilia. Kiranja akatufuata, sare imemganda mwilini.

"Haya ni manyunyu," akatangaza. "Anayeona ni mvua anyooshe mkono."

Wasaidizi wake, maji yakiwachuruzika puani, wakatulia kama nguzo. Ikapitishwa kwamba ukame unaendelea.

"Sasa hii inayonilowesha ni nini?" akauliza mwenzangu wa dawati moja. Naye akawa mgomvi.

Kesho yake bibi yangu, aliyekaa ng'ambo ya barabara, akaja na ndoo, maana kisima chake kilikuwa kimejaa tope.

"Shikamoo, bibi," kiranja alisema kwa adabu. "Ila inabidi uombe ruhusa kwanza."

"Marahaba. Niombe kwa nani?"

"Kwangu. Walinipigia kura, mpaka mvua inyeshe."

Bibi akatazama madimbwi, akatazama miguu yake iliyozama kwenye matope, akatugeukia. "Banawane, wanangu, mlikubali?"

"Ndiyo, bibi."

Akaangua kicheko mpaka akakaa juu ya ndoo. Mmoja wetu akacheka, tukafuata wote. Kiranja akapaza sauti, akaitisha kura ya kupiga marufuku kicheko. Wasaidizi walijaribu kunyoosha mikono, lakini wameshikilia mbavu. Hapo yule binti akalia. Bibi akamvuta, akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge, akamwambia, "Haya, mama, nipampie maji." Akapampa mpaka ndoo ikajaa. Jumatatu mwalimu akaitisha uchaguzi mpya, na wagomvi wote tukapiga kura.

Bibi alishafariki, na kicheko cha namna ile sijakisikia tena mahali popote. Shule sasa ina mabomba, watoto wanajichotea bila kusukumana. Niliporudi garini nilikuwa sicheki tena. Hakuna aliyetutisha mwaka ule, hakuna aliyetuchapa. Tuliombwa vizuri tu, na mikono yetu ilikuwa juu kabla kiranja hajamaliza kusema.