Pastrami kwenye Kilio cha Tata

Habari hii nimeikwepa sana, lakini kwa kuwa mtaa mzima wa kwetu Kolwezi unaisimulia vibaya (wengine wanasema nilitumwa na mganga, wengine eti nilitaka kurithi kiwanja mapema), afadhali niiseme mwenyewe na aibu yangu yote: nilimwacha jirani yetu amlilie tata, yaani baba yangu, kwa saa nzima, tata akiwa mzima kabisa njiani anarudi nyumbani, na nilimwacha kwa sababu ya sandwichi.

Si sandwichi ya hivi hivi, jamani. Nilikuwa nimemaliza kemia chuoni Lubumbashi, nimerudi kwa wazazi, barua zangu za kuomba kazi migodini hazijibiwi, ndipo siku moja nikaona kwenye simu video ya duka la chakula la Wayahudi huko New York, wao wanaliita deli, watu wamepanga foleni mpaka barabarani, kelele, mvuke, na nyuma ya meza ndefu mzee mwenye kisu anatoa pande la nyama nyekundu lenye ukoko mweusi wa pilipili manga, analikata vipande vyembamba, anavirundika ndani ya mkate mpaka mkate wa juu unakaa kama kofia ya mtoto kichwani mwa mtu mzima, anapaka haradali, anaweka tango la chumvi pembeni, basi. Hiyo ndiyo pastrami. Na kabla hujaagiza anakukatia kipande uonje! Mimi niliyegombana na mapadri, wahadhiri na madaktari kwa kuwataka ushahidi, nikaona hatimaye watu wanaokwambia usituamini, tafuna kwanza.

Nikasoma usiku na mchana. Kumbe inatoka kwenye kidari, nyama ile ngumu ya kifua cha ng'ombe, ambayo wahamiaji maskini waliimudu, wakailaza kwenye maji ya chumvi na viungo siku nyingi, wakaifukiza moshi, wakaipika kwa mvuke mpaka ikalegea. Na sisi kidari tunakitafuna mpaka taya zinauma, kwa nini? Kwa sababu bukari, ugali wetu, imeshaiva na hakuna wa kungoja.

Sasa, mbele ya kiwanja chetu kuna chumba kidogo kinachotazama barabara. Tata, karani mstaafu wa reli, alitaka kukipangisha kwa fundi wa simu. Nikamsihi wiki mbili anipe mimi nifungue deli ya kwanza ya Kolwezi. Mwezi ule alikuwa ametoka hospitali kwa ajili ya kifua, akaenda na mama kupumzika Mutshatsha kwa dada yake, na kabla ya kuondoka akaniambia, "Nikirudia siku ya posho, nitaonja. Kama ni kitu, kamata chumba. Kama ni masomo tu, fundi ataingia." Siku ya posho ni Jumamosi. Nilikuwa na siku kumi.

Siku hizo nililaza kilo nane za kidari kwenye ndoo, nikibadilisha barafu asubuhi na jioni (umeme wa bwawa la Nzilo unapita juu ya vichwa vyetu kwenda migodini, sisi unatusalimia tu). Jumamosi alfajiri nikaipaka pilipili manga na giligilani, nikaitundika ndani ya pipa uani. Moshi ulitakiwa ufike umepoa, kwa hiyo moto ukae mbali na pipa na moshi upite kwenye bomba la bati. Hapo nikafanya uamuzi mdogo sana: moto nikauweka nje ya geti, kando ya barabara, ili wapita njia wasikie harufu waanze foleni kama kule kwenye video. Gogo kubwa, linawaka polepole. Na kwa kuwa ni kazi ya saa nyingi, nikaweka viti vya plastiki kulizunguka, nikakaa na rafiki yangu Trésor, mwendesha taksi-moto, zile pikipiki za abiria, na wenzake wawili.

Trésor alisita. "Fiston, gogo mbele ya geti? Batu watasema nini?"

Nikamweleza kwamba moto ni mbao, oksijeni na joto, maana nyingine zote watu wanazitia wenyewe. Trésor akavuta kiti akakaa (huwa anatafuta kiti nikianza oksijeni).

Kwetu, gogo likiwaka mbele ya geti mchana, na wanaume wamelizunguka kimya kwenye viti vya plastiki, ni kilio, kuna mtu amekufa. Nilijua hilo tangu mtoto. Nililijua kama mtu anavyojua jina la mto asiouvuka.

Saa sita hivi akafika Mama Godé, jirani yetu, kiongozi wa kwaya ya wamama, na beseni la unga kichwani. Akaliweka chini, akakaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu. Hakuuliza kitu, na ndiyo adabu: kwenye kilio huulizi, unakaa. Mimi macho yangu yalikuwa mekundu kwa moshi, machozi yananitiririka, na nilichoona mimi ni mteja wa kwanza. Nikakimbia uani kwenye pande dogo lililokuwa limetangulia kutoka kwenye pipa na kuiva kwa mvuke, nikamkatia kipande chenye haradali, nikamuuliza kama anataka tango. Akatafuna huku analia. Nikasema moyoni, haradali hii ni kali. Kisha akafuta mashavu, akanyoosha mkono aongezewe.

Wakaja wengine. Wakaleta makala ya kuongezea moto, wakaleta viti zaidi, na mimi naona biashara inakua, nakata, najaza mikate, nachomeka matango, mchimbaji mmoja wa Musonoi mwenye buti za tope anakula amefumba macho. Saa tisa walikuwa kama arobaini, na nilikuwa na furaha ambayo shahada yangu haikuwahi kunipa. Hapo Trésor akanivuta shati.

"Fiston, bale banalilia tata yako."

Nikageuka, nikawaona upya wote kwa mara moja. Mikeka. Vitambaa. Kumbe mtaa ulijua tata ametoka hospitali, ulijua Mutshatsha simu haipatikani, na gogo langu likamalizia hesabu. Trésor akaniambia niwaambie sasa hivi. Nikatazama ile nyama, imefika hasa, ukoko mweusi, ndani nyekundu inatetemeka, nikaona nikisema wataondoka na hakuna atakayekula.

"Wakishakula," nikasema.

Basi nikaendelea. Kwaya ikasimama ikaimba. Mzee mmoja akasimulia jinsi tata alivyowahi kuchelewesha gari-moshi Mutshatsha ili mwanamke mwenye uchungu wa kujifungua apandishwe, kitu ambacho tata hakuwahi kutuambia, na mimi nikasikiliza kisu kikienda.

Tata na mama walifika saa kumi, kila mmoja kwenye taksi-moto yake. Mama akaliona gogo kutoka kwenye kona. Akashuka pikipiki haijasimama vizuri, mfuko wa mihogo ukaanguka, akaanza kutuita kwa majina sisi watoto watano, kuanzia mkubwa, mmoja mmoja, anakimbia. Lilipofika jina langu sikuweza kuitika, mdomo ulikuwa umejaa nyama.

Tata alikuja nyuma yake anakohoa. Kwaya ikakatika katikati ya neno. Akasimama mbele ya Mama Godé, mtu aliye karibu zaidi.

"Nani alikufa kwangu?"

Mama Godé akamtazama toka miguuni mpaka kofia, sandwichi mkononi.

"Ni weye, tata."

Wengine walikimbia, wengine walicheka mpaka wakakaa chini, vijana wa taksi-moto wakaanza kupiga honi. Mama Godé hakucheka. Alikuja mpaka kwenye meza yangu akauliza kama nilijua. Ningeweza kukataa. Nikasema nimejua kwa saa moja.

"Na uliendelea kukata?"

"Ndiyo, mama."

Akaiweka sandwichi mezani, imebaki nusu. "Ile bunga ya mu beseni ibakie. Lakini mi sitarudia kulia apa mara mbili." Akaondoka, na wamama wa kwaya nyuma yake.

Tata akasogea, akachukua kipande, akatafuna muda mrefu. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, hajaokota mihogo yake.

"Ni kitu," tata akasema. "Ni kitu kabisa." Moyo wangu uliruka, siwafichi. "Lakini chumba ni cha fundi. Siku nitakufa kweli, nani atakuja?"

Juma lote lililofuata tulizunguka naye nyumba kwa nyumba, yeye anajionyesha kuwa hai, mimi naomba msamaha. Mama Godé alitufungulia mlango mara ya tatu, na alimkaribisha yeye tu.

Mimi ninayeuliza kila kitu, siku ile kulikuwa na swali moja tu la kumuuliza mwanamke aliyekaa chini analia mbele ya geti letu, nami nikamuuliza kama anataka tango. Siku hizi mtu akilia mbele yangu, naweka kisu chini, nauliza unamlilia nani, halafu nangoja jibu mpaka mwisho, hata nyama ipoe.