Tofali Chini ya Gari la Dada

Dada yangu alipoleta yale mabomba nyumbani, aliyalaza kwenye mkeka wa kuanikia mpunga akaniita nije niyaone. Yalikuwa ya chuma kizuri kisichoshika kutu haraka. Aliyapata kwa muuza vyuma chakavu wa hapa Ifakara, ambaye alimwambia hana mengine kama hayo na hajui atayapata lini. Mama alikuja akayatazama, akauliza kama mkeka wake umekosa kazi.

Gari la dada ni dogo, la milango minne, na kwa miaka kadhaa lilikuwa teksi. Aliwapeleka akina mama wa biashara Mlimba na kuwarudisha pamoja na magunia yao. Injini ilipochoka akaweka nyingine yenye nguvu zaidi, iliyotolewa kwenye gari lililogongwa, na tangu hapo hakuwa dereva yule yule. Akiwa peke yake kwenye barabara ya Kiberege alikanyaga mafuta, na jioni alinisimulia jinsi kiti kilivyomsukuma mgongoni. Halafu akasikia kuna mbio za magari nje ya mji wa Morogoro. Gari moja moja linapanda kilima kwa barabara ya vumbi, na anayetumia muda mfupi kuliko wenzake ndiye mshindi. Akajiandikisha. Kabla ya hapo alikuwa hajashindana na mtu yeyote isipokuwa mimi, na ilikuwa kwenye sahani ya wali.

Kilichobaki kilikuwa ekzosi. Injini ile ina silinda nne, na kila moja inatoa moshi wake kwa bomba lake. Mabomba hayo manne yanakutana mbele ya safari na kuwa bomba moja linaloelekea nyuma. Ya kiwandani yalikuwa ya chuma kizito, yamebanana, moshi wa silinda hii unagongana na wa ile. Dada alitaka mapya, yaliyo wazi. Swali lilikuwa yakutane wapi. Yakikutana pale pale kando ya injini, ni mafupi. Yakiteremka hadi chini ya gari ndipo yakutane, ni marefu.

"Marefu ndiyo ya mashindano," alisema fundi wa kuchomelea tulipompelekea. "Nimeyaona kwenye simu."

"Umeyaona au umeyachomelea?" dada akamuuliza.

"Dereva, ukitaka kuona nilivyochomelea, zunguka mji uangalie mageti." Alichukua bomba moja akalichungulia ndani kwa jicho moja. "Mimi nakata mnaponiambia. Ila nikishakata mafupi, msije kesho mkaniambia niyavute yarefuke."

Dada akanigeukia. "Mdogo wangu ndiye atakayesema. Huyu anaijua injini kwa sikio."

Sikuwa nimetegemea hilo. Mimi naendesha pawatila, yaani trekta dogo la kuongozwa kwa mikono kutoka nyuma, nawalimia watu majaruba ya mpunga. Shule niliishia darasa la saba. Mbele ya watu maneno yangu huchelewa kutoka, na yakitoka huwa machache. Nikasema, "Nipeni wiki."

"Wiki!" fundi akacheka. "Huyu anachagua bomba au anaposa?"

Lakini nilitaka kujua kweli. Kwa nini urefu wa bomba la moshi uongeze au upunguze nguvu, wakati moshi ni kitu kilichokwisha kazi yake, kinatupwa tu? Watu wote niliowauliza walinijibu kwa uhakika, na kila mmoja alisema lake.

Siku iliyofuata nilikwenda shambani na vipande viwili vya bomba la zamani la pampu, kimoja kifupi kama mkono na kingine kirefu kunizidi. Pawatila ina silinda moja tu, kwa hiyo nilifikiri nitaisikia vizuri bila silinda nyingine kuiingilia. Nilifunga kile kifupi kwa waya kwenye mdomo wa ekzosi, nikalima. Kisha nikafunga kile kirefu, nikalima jaruba lile lile, kwenye tope lile lile.

Tofauti haikuwa kubwa, na kwa muda niliona labda naitafuta kwa nguvu. Ila nilipopunguza mafuta katikati ya tope zito, lile refu liliendelea kuvuta taratibu bila kukohoa. Kwa lile fupi injini ilitaka kuzima. Nilipoongeza mafuta mpaka mwisho mambo yakageuka. Fupi likawa jepesi na kali, na refu likawa kama limefika mahali pake halitaki kwenda mbele zaidi.

Mzee mmoja mfugaji, Msukuma, ambaye ng'ombe wake hupita kando ya majaruba kwenda kunywa maji, alikuja kwangu ameshika fimbo begani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, unalima au unapiga baragumu?"

"Nalima, mzee. Najaribu mabomba."

"Hilo fupi ling'oe. Ng'ombe wangu wameshafika mtoni bila mimi."

"Na hili refu?"

Akafikiri kidogo. "Hilo wanaligeuzia masikio tu, kisha wanaendelea kula."

Nilizima ili nimpishe, lakini hakuondoka. Alitaka kujua najaribu nini. Sikuweza kumweleza vizuri, kwa hiyo niliwasha tena injini ikanguruma polepole, nikachuma jani na kulishika karibu na mdomo wa bomba. Jani lilisukumwa nje. Halafu, kabla ya pigo lingine, lilirudi nyuma kidogo kuelekea kwenye bomba, kana kwamba kuna mtu analivuta kutoka ndani. Likasukumwa tena, likarudi tena. Nilikuwa sijawahi kuliona jambo hilo, na nimekaa na injini ile miaka.

"Linavuta?" mzee akauliza.

"Linasukuma, halafu linavuta."

"Hebu." Akachuma jani lake mwenyewe. Tukasimama pale, kila mmoja na jani lake, ng'ombe wakiwa mtoni peke yao.

Usiku ule sikulala mapema, nilikuwa nikiliwaza lile jani. Nilichoelewa ni hiki, na bado sina hakika kama ni chote. Moshi hautoki kwa mfululizo kama maji ya bomba. Unatoka kwa mapigo, na nyuma ya kila pigo kuna mvuto mdogo unaorudi. Mvuto huo ukifika kwenye injini wakati mlango wa moshi bado uko wazi, unasaidia kuutoa moshi uliobaki. Bomba likiwa refu, mvuto unachelewa kufika, na unaifaa injini inayozunguka taratibu. Likiwa fupi unawahi, na unaifaa injini inayokimbia. Na yale manne yakikaa mbalimbali kwa urefu mkubwa, hayaharibiani mapigo. Kwenye kilima cha vumbi, ambako gari linaanza likiwa limesimama na kona zinalipunguza mwendo kila mara, niliona marefu yatamfaa dada.

Nilimwambia hivyo. Akafurahi, akataka twende kwa fundi siku hiyo hiyo. Nikamwomba kwanza nione kama yataenea. Nilichukua mpira wa maji wa kumwagilia bustani, nikaukata vipande, nikapitisha waya mgumu ndani ili ushike umbo, nikavifunga chini ya gari mahali ambapo mabomba marefu yangepita. Kisha nikalaza tofali moja chini yake. Kwa akili yangu tofali lile lilikuwa matuta yote ya kutoka Ifakara hadi Morogoro. Kati ya tofali na mpira ulibaki uwazi wa kupitisha vidole. Nikaviacha hivyo, gari likiwa uani, nikasubiri Jumatatu, siku ya kwenda kwa fundi.

Jumapili mama alirudi kutoka kanisani na wenzake wawili wa jumuiya. Hawajakaa vizuri, mvua ikaanguka. Baraza letu lilikuwa limejaa magunia ya mpunga mpaka mlangoni, hivyo wakakimbilia ndani ya gari la dada na kufunga milango. Mimi nilikuwa nimechutama chini ya paa la jiko. Nikaona mpira ukishuka. Mwanamke wa kwanza alipoingia uligusa tofali. Alipoingia wa pili ulibonyea. Mama alipokaa kiti cha mbele ukalala bapa kabisa, na waya ukachomoza pembeni.

Vioo vilikuwa vimeachwa wazi kidogo, nikawasikia wanaongea.

"Hivi hili ndilo linalokwenda Morogoro?"

"Ndilo," mama akasema.

"Basi nina mchele wa mdogo wangu. Debe moja tu."

"Hata mimi nina mtoto anasoma kule. Wanakula mchele gani huko, jamani? Unakuwa kama mchanga."

"Leteni tu," mama akajibu. "Gari lenyewe linakwenda tupu."

Mvua ilipokatika nilimwita dada, nikamwonyesha mpira uliobonyea, nikamweleza niliyoyasikia. Alichuchumaa akautazama muda mrefu.

"Sibebi mzigo wa mtu," akasema. "Nakwenda kwenye mashindano, siendi gulioni."

"Mwambie mama."

Akaangalia mlango wa nyumba. Mama alikuwa ndani, anaimba huku anakung'uta viatu tope. "Mwambie wewe."

"Mimi si muongeaji."

Alikaa chini kwenye udongo ulioloa, na suruali yake nzuri. Hakuna mtu anayetoka Ifakara kwenda Morogoro mikono mitupu, na dada alilijua hilo kuliko mimi, maana ndiye aliyekuwa akibeba mizigo ya watu. Mchele wetu unasubiriwa kule. Kumkatalia jirani debe moja ni jambo ambalo lingesemwa mpaka mavuno mengine, na mama ndiye angelisikiliza. Na kwa mzigo huo, mabomba marefu yasingevuka matuta.

"Mafupi yakiniangusha?" akauliza. "Mdogo wangu, niambie kweli. Nikifika kule halafu nikawa wa mwisho, nitarudi vipi kubeba magunia?"

Nilichelewa kujibu, kwa sababu nilitaka jibu liwe la kweli. "Mwanzo yatakuacha," nikasema. "Chini hayana nguvu. Ila yanaamka juu. Usiharakishe kubadilisha gia. Liache gari lipige kelele hata ukiona limezidi."

"Limezidi mpaka wapi?"

"Mpaka ng'ombe wakimbie."

Hapo ndipo alipocheka. Jumatatu fundi alikata mafupi. Alichomelea vizuri kuliko nilivyotarajia kwa mtu wa mageti, akatuambia tukishinda tuseme ni yeye na tukishindwa tuseme ni mimi.

Siku ya safari mama alikaa mbele. Mimi nilikaa nyuma katikati ya mchele, maana debe moja lilikuwa limezaa mengine. Tulipolikaribia tuta la kwanza la Kiberege mama alikuwa anasimulia habari za harusi ya mtu. Mimi na dada tukanyamaza wote wawili. Magurudumu ya mbele yalipanda, yakashuka, ya nyuma yakafuata. Hakuna kilichogusa. "Mbona hamniitikii?" mama akauliza. Matuta ya Mikumi niliyapita nikiwa nimefumba macho, lakini nayo yalituacha salama.

Kule kilimani, baada ya kushusha mizigo kwa mama mdogo wa pale mjini na kukataa chai yake kwa shida kubwa, tulilikuta gari jekundu likiteremshwa kutoka juu ya lori. Nilipoona bomba lake limeshuka chini sana, aibu ilinitoka. Nikalala kifudifudi nichungulie.

"Umepoteza kitu?" mwenye gari akaniuliza.

"Hapana, kaka. Naangalia mabomba."

"Angalia tu, hayaumi."

Yalikuwa marefu, mazuri, yamepinda kwa ustadi. Upande wa chini yalikuwa yamekwaruzika mpaka yanang'aa, na moja limebonyea. Aliniambia yaligusa kwenye mbao za kushushia, na gari halina mtu ndani. Alipowasha injini niliokota jani. Akanishangaa, lakini hakunifukuza.

Dada alianza vibaya. Gari lilizubaa pale chini, nikasikia mtu nyuma yangu akisema, "Huyu teksi." Halafu likaamka. Sauti ilipanda, ikaendelea kupanda, na hakubadilisha gia hata nilipotamani abadilishe mimi mwenyewe. Vumbi lilizunguka kona ya kwanza na ya pili, kisha tukabaki na sauti tu upande wa pili wa kilima. Mkono wangu ulikufa ganzi kwa jinsi mama alivyokuwa ameushika kwa nguvu.

Hakushinda. Gari jekundu lilimshinda, na mengine kadhaa. Lakini kulikuwa na orodha ndefu ya majina chini ya lake. Aliporudi alikuwa na vumbi mpaka kwenye meno. "Pale mwanzo niliachwa kama ulivyosema," akaniambia. "Kuanzia kona ya pili, sijui hata nilikuwa wapi." Akafungua boneti, akainama akayatazama mabomba yetu mafupi, yamegeuka rangi ya bluu kwa joto, akayapulizia vumbi.

Kesho yake tulirudi tumejaza kabichi na ndizi za mama mdogo, na ndoo ya nyanya miguuni kwangu. Baada ya Kidatu dada alinitazama kwenye kioo.

"Mwakani nataka marefu."

"Na mzigo?"

"Hakuna mzigo. Mama atapanda basi."

Nilidhani mama amelala. Alikuwa amefumba macho, kabichi moja mapajani.

"Nitapanda," akasema. "Na mchele wa watu utaubeba wewe."

Mbele kulikuwa na tuta, dada akapunguza mwendo, tukapita.