Mitra na Mithra Kwenye Kiwanda cha Barafu

Siku ya kwanza kiwandani Nchelenge nilipewa gambuti na kazi ya mabonge: mkebe wa chuma wenye maji unatumbukizwa kwenye maji ya chumvi yaliyopozwa, kesho yake unatoa bonge zima. Ilikuwa mwisho wa miaka ya tisini, vita vya Congo vilipotuvusha ziwa mpaka mji huo. Baadaye nikahamishiwa chumba cha kompresa, mashine inayosukuma gesi ya baridi mabombani.

Wakubwa wangu walikuwa wawili. Patron, mwenye kiwanda, alikuwa Mhindu aliyetoka Mwanza. Fundi Mkuu alizaliwa Zanzibar, kwa Waparsi, watu walioshika dini ya kale ya Irani. Wakati wa chai walibishana kwa Kiswahili, sote tukisikia.

"Deva ni mungu," alisema Patron.

"Kwenu. Kwetu daeva ni shetani."

"Mnatukana miungu yetu!"

"Na nyinyi? Asura mmemfanya adui, wakati kwetu Ahura ndiye Bwana mwenyewe."

Mimi Mkatoliki nikauliza kwa nini majina yanafanana. Fundi Mkuu akasema mababu zao zamani sana walisali pamoja, kisha wakaachana.

Wiki moja valvu ilipasuka, barafu ikatoka nusu. Patron alikuwa amewaahidi barafu hiyo kwa mdomo wavuvi wa Kilwa, kisiwa cha ziwa letu, na mitumbwi yao ilikwisha kufika na samaki. Ndipo akaja mnunuzi mkubwa na lori, akataka barafu yote.

"Pakia lori," Patron aliniambia.

"Patron, bale batu ba Kilwa banangojea tangu asubui. Samaki itaoza."

"Hatukuandikiana kontra, hakuna karatasi yoyote."

Fundi Mkuu akatoka kwenye mashine, mikono imejaa grisi. "Kwenu, nani analinda maneno watu waliyopatana?"

Patron akasema, "Mitra."

"Kwetu Mithra. Tuligombana juu ya wengine, huyu kila upande uliondoka naye. Bado unataka karatasi?"

Patron alitazama lori, akatazama mitumbwi. "Mama," akaniambia, "pakia mitumbwi."

Mnunuzi hakurudi tena. Mwaka ule tulifanya kazi siku tatu kwa wiki, na wenzangu wawili wakasimamishwa. Walimlaumu Fundi Mkuu.

Sasa nimestaafu, vidole vinauma kwa baridi ile ya miaka mingi. Vijana wakinisikia nasimulia wanadhani nilikuwa jasiri, kwa sababu nilisema neno mbele ya Patron. Hapana. Niliwahurumia wavuvi, lakini niliogopa kukosa kazi. Kama ningekuwa mimi Patron siku ile, ningejaza lori.